Kompyuta za Watoto Wetu: Tuanze Alifu kwa Ujiti

Kwa miaka kadhaa sasa imezuka huko Ulaya na Marekani biashara ambayo mtu akiitazama kwa haraka ataiona kuwa ni mchezo wa watu walioshiba. Kompyuta ndogo za nyumbani, zilizouzwa katika miaka ya 1980 na kisha kutupwa pamoja na takataka nyingine, zinaundwa upya na kurudishwa madukani. Mwaka 2017 wapenzi wa mashine ya Kiingereza iitwayo ZX Spectrum walichanga zaidi ya pauni laki saba ili iundwe Spectrum mpya. Mwaka 2018 ikatoka THEC64 Mini, mfano uliopunguzwa wa Commodore 64 ya mwaka 1982. Mwaka 2024 ikafuata Spectrum nyingine tena. Na mwaka 2025 jina lenyewe la Commodore, ambalo kampuni yake ilifilisika mwaka 1994, lilinunuliwa na watu walioipenda tangu utotoni, nao wakatangaza Commodore 64 mpya kwa bei inayokaribia dola 300.

Mwananchi wa Nkoaranga anayehangaika na bei ya kahawa, au wa Micheweni anayehangaika na bei ya karafuu, anayo haki ya kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba yanatuhusu sana. Wenzetu wanavinunua vyombo hivyo kwa ajili ya kumbukumbu ya utoto wao. Sisi hatuna kumbukumbu hiyo, kwa kuwa vyombo hivyo havikutufikia. Lakini ndani yake limo funzo ambalo wizara zetu za elimu, Bara na Visiwani, zinalihitaji leo kuliko wakati wowote uliopita.

Kwanza ifahamike mashine hizo zilikuwa za namna gani. Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Simu ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambayo siku hizi si ajabu kuiona mikononi mwa kijana wa bodaboda, inaizidi mashine hiyo zaidi ya mara 65,000. Lakini mashine hiyo iliyo duni ilikuwa na tabia moja njema. Ilipowashwa, kabla mtu hajahesabu hadi kumi, iliandika kwenye skrini ya televisheni kwamba ina baiti 38,911 zilizo huru, ikaongeza neno la Kiingereza lenye maana ya "Tayari", kisha ikakaa kimya, alama ndogo ikipepesa. Ilikuwa ikingoja amri. Hapakuwa na picha za kubonyeza wala matangazo ya kumpotosha mtoto. Hata aliyetaka kucheza mchezo uliorekodiwa kwenye kaseti ilimbidi kwanza aipe mashine amri.

Lugha ya amri hizo iliitwa BASIC. Ilitungwa mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, kwa shabaha ya kuwawezesha hata wanafunzi wasiosoma sayansi kuitumia kompyuta. Mtoto wa miaka tisa aliweza kuandika mstari wa 10 unaoiamuru mashine ichapishe jina lake, na mstari wa 20 unaoiamuru irudi kwenye mstari wa 10. Mara skrini nzima inajaa jina lake. Ni mchezo mdogo, lakini mtoto huyo amekwisha kuelewa jambo ambalo watu wazima wengi wenye simu za bei kubwa hawalielewi hata leo: kwamba mashine hutenda iliyoamriwa, na kwamba nyuma ya kila inachotenda yupo binadamu aliyeandika amri.

Pili, ifahamike kwamba jambo hili halikuachiwa soko peke yake. Mwaka 1981 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilishirikiana na kampuni ndogo ya Cambridge iitwayo Acorn kutoa kompyuta ya kufundishia, pamoja na vipindi vya televisheni na vitabu vya mafunzo. Serikali ya nchi hiyo ikazichangia shule nusu ya gharama ya kuinunua. Zikauzwa mashine zipatazo milioni moja na nusu. Katika kampuni hiyo hiyo wahandisi wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walisanifu prosesa mpya iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kupewa jina la ARM. Leo usanifu huo umo ndani ya karibu kila simu ya mkononi duniani, zikiwemo zile zinazouzwa Darajani na zile zinazotengenezwa vibandani katika mji wa Arusha. Uamuzi wa kielimu, uliotazama darasa la shule, ukageuka kuwa mtaji wa uchumi kwa vizazi viwili.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Historia yetu haina haja ya kufichwa. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa mashine ilileta matatizo na hasara, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1974, nchi ikiwa imebanwa na bei ya mafuta na upungufu wa chakula, Serikali ilipiga marufuku kuingiza Tanzania Bara kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, na kufikia mapema miaka ya 1990 haikuwa na nguvu tena. Kwa maneno mengine, miaka ile ile ambayo mtoto wa Manchester au wa Chicago alikuwa akiandika mistari yake miwili ya BASIC, mtoto wa Tanzania Bara hakuwa na njia ya kuiona mashine yenyewe.

Hatuandiki haya kuwabeza wazee wetu. Nchi maskini inayochagua kati ya mahindi na mashine haina budi kuchagua mahindi, na wao walichagua hivyo. Lakini ndugu zetu wa Visiwani wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970 Zanzibar ilifungua kituo chake cha televisheni ya rangi, kinachokumbukwa kuwa cha kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara, ilhali Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Funzo la kulinganisha hali hizi mbili ni kwamba chombo kipya hakipaswi kupokewa wala kukataliwa kwa jina lake. Hupimwa kwa kazi kitakayofanya na kwa mtu atakayekiendesha.

Sasa turudi kwa Waingereza, maana wao nao walipoteza walichokuwa nacho. Kompyuta zilipozidi kuwa nzuri na rahisi kutumia, watoto waliacha kuzipa amri, wakazoea kubonyeza tu. Kufikia miaka ya 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waligundua kwamba waombaji wa masomo ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawana uzoefu ambao wenzao wa zamani waliupata nyumbani. Eben Upton na wenzake wakaamua kuunda mashine ndogo, ya bei ya chini, itakayorudisha tabia ya zamani. Ikatoka mwaka 2012 kwa jina la Raspberry Pi, ubao ulio na ukubwa wa kitambulisho, kwa bei iliyotangazwa ya dola 35. Aina zake zikaitwa A na B kwa heshima ya kompyuta ya BBC ya mwaka 1981. Mwaka 2020 wakatoa nyingine, Raspberry Pi 400, ambayo kompyuta nzima imo ndani ya kibodi kama ilivyokuwa Spectrum na Commodore, kwa bei ya dola 70. Mtu huiunganisha na televisheni au skrini yoyote ya kisasa, akaanza kazi.

Basi hapa ndipo penye jambo letu. Nchi iliyokuwa na mashine hizi, ikaziacha, imelazimika kurudi nyuma na kuzitafuta. Sisi ambao hatukuzipata tunakaribia kufanya kosa la kudhani kwamba hatua hiyo tunaweza kuiruka. Tunampa mtoto simu na kishikwambi, anatazama, anabonyeza, anasambaza, nasi tunasema ameingia katika ulimwengu wa kidijitali. Ukweli ni kwamba ameingia sokoni akiwa mnunuzi.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule ya serikali tunalifahamu jambo hili. Mwalimu hampi mtoto msahafu mzima siku ya kwanza. Humwanzisha alifu kwa ujiti: herufi moja moja, kisha irabu, kisha maneno, na pole pole mtoto hufikia kusoma sura. Anayekaririshwa sura bila kuijua alifu huisoma vizuri mpaka siku atakapofunguliwa ukurasa asioukariri. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Kijana aliyefundishwa mahali pa kubonyeza katika programu moja atababaika siku programu hiyo itakapobadilishwa. Aliyeanza na amri moja moja atajua pa kuanzia.

Mfano wa jambo hili upo jirani yetu. Wilayani Karatu, katika mkoa huu wa Arusha, shirika la Powering Potential, lenye asili ya Marekani, lilianza kazi na Shule ya Sekondari ya Banjika, na baadaye likatumia kompyuta za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, zikiwa na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Tunautaja mfano huu kwa sababu moja: unaonyesha kwamba shule ya kijijini, mbali na nguzo za umeme, inaweza kuendesha chumba cha kompyuta. Mashine moja ya namna hii, bila skrini yake, hutumia umeme usiozidi ule wa balbu ndogo.

Watu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa kuhusu umeme. Hawajasahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Shule yenye kompyuta kumi za matumizi madogo na paneli chache za jua ingeweza kuendelea na masomo hata katika siku kama zile. Tena mashine iliyomo ndani ya kibodi haina feni ya kuvuta vumbi na hewa ya chumvi, wala diski inayozunguka. Kila kitu chake kimo katika memori kadi ndogo. Mtoto akiharibu programu, mwalimu huiandika kadi upya na darasa likaendelea. Faida hii ni kubwa, kwani mtoto anayeogopa kuharibu hajifunzi, na mwalimu anayeogopa kuulizwa kuhusu mali iliyoharibika hufunga chumba na kuweka ufunguo mfukoni.

Hata hivyo tunapenda kutoa tahadhari. Si kila kinachoitwa kompyuta ya zamani iliyoundwa upya kinafaa kuletwa nchini. Ile THEC64 Mini ya mwaka 2018 ilikuwa na kibodi ya sanamu: vitufe vimechorwa vizuri, lakini havibonyezeki. Aliyetaka kuandika amri kwa vitufe ilimbidi atafute kibodi nyingine. Ni pambo la mezani na mchezo wa jioni, na kwa matumizi hayo hatuna ugomvi nalo. Ugomvi utakuwepo iwapo mfanyabiashara atatuletea vitu kama hivyo kwa jina la vifaa vya elimu, na ofisa wetu akatia sahihi bila kubonyeza kitufe hata kimoja.

Zipo njia mbili za kuziunda upya mashine hizi, na inafaa maofisa wetu wazijue. Ya kwanza ni ya uigizaji: ndani ya kasha lenye sura ya zamani huwekwa prosesa ya kisasa, ya jamaa ya zile za simu, nayo huendesha programu inayojifanya kuwa mashine ya zamani. Ya pili, iliyotumika katika Spectrum iliyochangiwa mwaka 2017 na katika Commodore ya mwaka 2025, hutumia chipu ambayo mzunguko wake haukufungwa moja kwa moja kiwandani. Mhandisi huandika maelezo ya mzunguko autakao, na chipu hujipanga kwa mujibu wa maelezo hayo. Njia hii ya pili ni shule kamili ya usanifu. Kutoka Nkoaranga mtu akiteremka hadi Tengeru anaikuta Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011. Mjini Arusha kipo Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1978, na ipo TEMDO, taasisi ya umma ya kusanifu mitambo. Kijana wa vyuo hivyo anayeweza kuiunda upya kompyuta ya mwaka 1982, akaifahamu yote kuanzia saa yake hadi herufi inayotokea kwenye skrini, atakuwa ameshika ufunguo wa mashine zote zilizofuata. Kompyuta za leo ni kubwa mno mtu mmoja kuzifahamu zote. Zile za zamani mtu mmoja anazimudu.

Wapo watakaosema kwamba dunia imo katika akili mnemba, nasi tunazungumza habari za mistari miwili ya BASIC. Tunawajibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuzungumza. Mashine ikianza kujibu kama mtu, asiyejua kwamba ni mashine ataisujudia au ataiogopa. Anayejua amri ni nini ataihoji. Wapo pia watakaosema kwamba Serikali imekwisha kutoa vifaa. Ni kweli, na tunaipongeza. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu badala ya kuachwa viozee ghalani, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kishikwambi ni chombo cha kusomea na kujazia fomu. Hakikuundwa kwa ajili ya mtoto kukifungua, kukiamuru na kukitengeneza. Kalamu na kitabu vyote vinahitajika shuleni, wala kimoja hakimalizi kazi ya kingine.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kwa upande wa Bara, na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, zikubaliane sifa za kompyuta moja rahisi ya kufundishia. Wanafunzi wetu wa kidato cha nne, wa Bara na wa Visiwani, wanafanya mtihani wa Baraza moja. Hakuna sababu ya kila upande kutafuta chombo chake gizani. Sifa hizo ziseme wazi kwamba kibodi ifanye kazi, mwanafunzi aweze kuandika programu zake mwenyewe, programu zisihitaji kulipiwa kila mwaka, na vipuri vipatikane.

Pili, zabuni isiishie katika kununua. Makasha, vifaa vya umeme wa jua na meza vinaweza kutengenezwa hapa nchini. Kuunganisha na kutengeneza mashine zilizoharibika ni kazi inayoweza kufanywa na Chuo cha Ufundi Arusha na, kwa Visiwani, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni. Tuanze na wilaya chache, Meru na Karatu kwa huku, na wilaya moja Unguja na moja Pemba, tuone matokeo kabla ya kumwaga fedha.

Tatu, kitabu cha mafunzo kiwe cha Kiswahili. Mashine za miaka ya 1980 zilipendwa pia kwa sababu ziliuzwa pamoja na kitabu ambacho mtoto wa nchi zile aliweza kukisoma peke yake kwa lugha ya nyumbani. Jambo hili linawezekana kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. BAKITA na BAKIZA wakae pamoja na walimu, wakubaliane istilahi, na kitabu kichapwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, mwalimu aandaliwe kabla ya mashine kufika. Kila mmoja wetu amekwisha kuona mahali ambapo vifaa vilipokelewa kwa ngoma na hotuba, picha zikapigwa, kisha vikafungiwa stoo mpaka vikapitwa na wakati. Shule isipewe mashine hata moja mpaka iwe na walimu wawili waliokaa nazo, wakaandika programu zao wenyewe, na kufundisha darasa mbele ya mkaguzi. Na mkaguzi naye asihesabu mashine zilizopo. Ahesabu programu zilizoandikwa na wanafunzi.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa Februari 2025, zimetilia mkazo elimu ya kutenda. Wazo hilo si geni katika nchi hii. Lilitamkwa mwaka 1967, baada ya Azimio lililopitishwa hapa hapa Arusha, katika siasa ya Elimu ya Kujitegemea: kwamba shule imwandae kijana kuyatawala mazingira yake. Mwaka ule mazingira yalikuwa shamba. Leo shamba lipo bado, na juu yake imeongezeka mashine inayotuambia bei, inayotunza fedha zetu, na inayowasemesha watoto wetu usiku na mchana.

Tulichelewa kizazi kizima kwa sababu ambazo wakati ule zilieleweka. Leo chombo kinapatikana kwa bei ambayo kamati ya shule inaweza kuijadili, na kuchelewa tena hakutakuwa na sababu ya kuwaeleza watoto wetu. Tunatoa wito kwa wizara zetu mbili kulishughulikia jambo hili kabla ya bajeti ijayo, na kwa wazazi wa Meru, Unguja na Pemba kuuliza katika mikutano ya shule swali moja rahisi: mtoto wangu ameiamuru mashine kufanya nini?